Sauti ya Upande wa Dirisha

"Nyuma kidogo," Twalibu alisema.

"Nyuma kwangu au nyuma kwako?" Vedasto aliuliza. Alikuwa ameikumbatia spika kiunoni kama mtu anayecheza dansi na mwanamke aliyemzidi kimo.

"Nyuma ya spika."

"Spika ina nyuma mbili, bwana. Kuna nyuma yake yenyewe, na kuna nyuma yangu mimi niliyeibeba. Sema ukutani au sema kitini. Mimi Msukuma, ukiniambia nyuma tu narudi zangu Bukene."

"Basi ukutani. Upana wa kidole."

"Kidole changu au chako?"

"Vedasto."

"Haya, haya. Kidole cha fundi."

Vedasto alikuwa seremala, na vidole vyake vilikuwa vinene kama vipini vya patasi, kwa hiyo Twalibu akaomba nusu yake. Spika ikasogea, ikaikwaruza sakafu ya saruji kwa mlio uliomfanya Shamila, mke wa Twalibu, achungulie kutoka jikoni kuona kilichovunjika. Hakikuwa kimevunjika kitu. Twalibu alipiga magoti, akachora mstari wa chaki kandokando ya kitako cha spika, kisha akarudi kwenye kiti kilichokuwa peke yake katikati ya sebule na kuvuta uzi.

Uzi huo ulikuwa umefungwa mgongoni mwa kiti. Aliuvuta hadi spika ya upande wa dirisha, akaushika kwa kucha mahali ulipogusa, akaupeleka hadi spika ya upande wa mlango. Ulifika palepale. Akauvuta kutoka spika moja hadi nyingine, nako ukafika vilevile.

"Mafiga," alisema.

"Mafiga matatu," Vedasto aliitikia. Somo hilo alikuwa ameshalisikia mara nyingi. Spika mbili na kiti cha msikilizaji ni mafiga. Moja likisogea mbali kuliko mengine, chungu kinalala upande. Vedasto alikwenda kuegemea magunia ya mpunga yaliyopangwa pembeni, nyuma ya spika, akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

Hawakuwa wameanza hivi. Spika hizo zilifika nyumbani hapo Kwihara baada ya daktari mmoja mgeni, ambaye Twalibu alikuwa akimtengenezea nyaya kwa miaka mingi, kurudi kwao. Daktari alisema hataki zikaishie baa. Zilikuwa ndefu kufika kifuani, nzito, zenye rangi ya asali iliyokolea, na ndani yake kulikuwa na kazi ya mikono ambayo Twalibu, mtu wa ishara za reli aliyejifunza umeme kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, aliitazama kwa tochi kwa muda mrefu bila kugusa. Alipozifikisha nyumbani alifanya jambo ambalo kila mtu hufanya: alizisukumia kwenye kona, migongo ikagusa ukuta, Shamila akazitandikia vitambaa vya kufuma na juu yake akaweka maua. Zikasikika kama redio kubwa. Majirani wakasifu. Twalibu peke yake hakuridhika, ila hakusema kitu, kwa sababu si desturi yake kulaumu chombo kabla hajakielewa.

Akaanza kuzisogeza. Leo mkono mmoja kutoka ukutani, kesho mikono miwili. Akaondoa maua. Akazigeuza nyuso kidogo zikitazame kiti, akazirudisha, akazigeuza tena. Siku moja alikuwa amekaa akisikiliza kinanda, na spika zikatoweka. Zilikuwepo pale macho yalipozitazama, lakini sauti haikutoka kwake tena. Ilitoka hewani, katikati, mahali pasipo na kitu. Alimwita Shamila. Shamila akaketi, akafumba macho, akasema, "Baba Issa, kuna mtu hapa." Hapo ndipo alipojua kwamba kazi inawezekana.

"Weka kwaya," Vedasto alisema sasa.

Kwaya ilikuwa ya parokia yao Vedasto kule Bukene. Alikuwa amesimama mwenyewe ukumbini siku iliporekodiwa, kwa hiyo alijua nani alisimama wapi. Alikaa kwenye kiti, akafumba macho, na Twalibu akawasha.

"Wanawake kushoto," Vedasto alisema, akinyoosha kidole. "Mpiga kinanda yule pale, nyuma. Besi kulia. Na huyu anayekohoa pembeni kabisa ni Justus. Mungu wangu. Huyu mtu amehamia Kahama lakini kikohozi chake kiko sebuleni kwako."

"Uko sawa?"

"Ningeweza kumpa maji."

Twalibu alizima. Hakutabasamu, ila aliuzungusha uzi kidoleni kwa namna ambayo Vedasto, rafiki yake wa miaka mingi, aliifahamu kuwa ni furaha.

"Basi tumemaliza," Vedasto alisema.

"Tumemaliza kwaya," Twalibu alijibu. "Bado shangazi."

*

Shangazi ni Bi Hafsa, dada wa marehemu baba yake Twalibu, ndiye aliyemlea.

Zamani, Bi Hafsa akiwa msichana, kulikuwa na kikundi cha kina mama wa mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, kilichoitwa Tupendane. Waliimba kwenye harusi. Mwalimu mmoja wa muziki akafika na mashine ya kurekodi na maikrofoni mbili, moja ya kila upande, akawapanga ukumbini, akawarekodi nyimbo tatu. Wimbo mmoja uliitwa "Tua Mgeni". Ulikuwa wa kumpokea bibi harusi, lakini maneno yake waliyachukua kwa wazee waliokumbuka misafara iliyokuwa ikipita hapo: umetoka mbali, mgeni, tua, tua mzigo, maji yapo. Neno "tua" lilivutwa. Lilivutwa hata wasikilizaji wakasahau kupumua wao. Aliyelivuta ni Zamda, kiongozi wa kikundi, na kwa neno hilo moja akapata jina mji mzima. Tairi la baiskeli likikaa wiki bila kujazwa, watu wa Ng'ambo husema lina pumzi ya Zamda.

Kaseti ilipotoka walikusanyika dukani mbele ya redio moja ndogo, kila mmoja akijitafuta. Huyu alijisikia, yule alijisikia. Hafsa hakujisikia. Wimbo ukarudiwa, hakujisikia. Ndipo mtu mmoja akasema, "Hafsa wewe ulikuwa unafungua mdomo tu, nzi wapate pa kuingia." Duka lote likacheka. Aliyesema ni Zamda, na wala hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu wa maskhara na siku hiyo alikuwa na furaha. Lakini jina likabaki. Hafsa Mdomo. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani anaitwa hivyo kwa sababu ya maneno mengi, wakashangaa kumkuta mama mkimya.

Hakuimba tena. Kwenye harusi huingia kwa mlango wa uani, moja kwa moja kwenye masufuria. Twalibu peke yake alikuwa na ushahidi mwingine: utoto wake, mgongoni mwa shangazi, na sauti nzito ya chini iliyokuwa ikipita kwenye mbavu zake wakati shangazi akipepeta. Lakini ushahidi wa mtoto wa mgongoni nani ataupokea?

Mwaka huu binti wa yule mwalimu aliikuta kanda yenyewe, ile ya kwanza, kwenye vitu vya marehemu baba yake. Ikasafishwa Dar es Salaam, ikafika kwa Twalibu kwenye simu. Akampigia shangazi siku hiyohiyo. Bi Hafsa akatoa masharti mawili. La kwanza, usiusikilize kabla yangu. La pili, umwite Zamda.

"Shangazi, kwa nini Bi Zamda?"

"Sitaki kusifiwa na mtoto niliyemnawisha. Kama sauti yangu haimo, nataka anisikie nikikubali. Kama imo, nataka anione nikinyamaza."

Kwa hiyo wimbo ulihamishwa kutoka simu ukakaa ndani ya kompyuta wiki nzima, na Twalibu hakuugusa. Alipanga spika kwa kwaya ya Vedasto, kwa kinanda, kwa kisomo, kwa kila kitu isipokuwa kile kilichotakiwa. Na kila alipovuta uzi alijiuliza jambo moja tu. Itakuwaje ikiwa haimo? Atakuwa amemwita shangazi yake kutoka Ng'ambo, amemketisha kwenye kiti katikati ya sebule, ili achekwe tena mbele ya yuleyule.

*

Vedasto alikwenda kwake kuoga na kupeleka kitanda cha mteja. Twalibu akachukua bajaji kwenda mjini kuwaleta wageni. Bi Zamda alipanda wa kwanza, buibui lake likinukia karafuu, miwani ikining'inia kwenye mnyororo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Huyo Hafsa anakuja au anafungua mdomo tu?"

Bi Hafsa alikuwa amesimama kizingitini kwake, nyumba ya pili, akisikia. Alipanda, akaketi, akaweka mkoba mapajani. "Sogea," alimwambia Zamda. "Miaka yote hii bado unajaza nafasi ya wawili."

"Ni pumzi, mwenzangu. Zinahitaji mahali pa kukaa."

Walitaniana hivyo njia nzima mpaka Kwihara, na Twalibu, aliyekaa mbele kando ya dereva akikumbatia chupa ya chai waliyomkabidhi, hakuweza kujua palipoishia utani.

Shamila aliwapokea mlangoni akiwa na kanga mpya na uso wa mtu aliyeficha zawadi. Sebule ilikuwa imeng'aa. Sakafu ilipigwa deki, mapazia yalifuliwa, udi ulifukizwa, makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe vilivyonyooka kama vya ofisini. Twalibu alitazama kwanza chini. Mistari ya chaki ilikuwepo. Shamila alikuwa amepiga deki kuizunguka kwa uangalifu, na spika hazikusogea hata unywele.

"Ahsante, Mama Issa," alisema kutoka moyoni.

"Nyumba ya kupokelea mtu hii," Bi Zamda alisema, akizungusha macho. "Si kama kwa wengine." Shamila akainama kwa furaha. Kisha Bi Zamda akakiona kiti. "Na hicho? Mbona kimewekwa katikati kama cha mwali anayetolewa?"

"Ni cha shangazi," Twalibu alisema. "Hapo ndipo sauti zinapokutana."

"Mimi nisikae nimeupa mlango mgongo," Bi Hafsa alisema. "Mtu akipiga hodi nimwitikie kwa kisogo?"

Ilibidi Shamila aahidi kusimama mlangoni kumpokea yeyote atakayekuja. Bi Hafsa akaketi, miguu pamoja, mkoba mapajani. Vedasto aliingia wakati huo na shati safi, akasalimia, akasimama karibu na dirisha. Twalibu alifuta mikono kwenye suruali, akawasha.

Ngoma ilianza, na sebule ikajaa ngoma. Haikuwa ngoma ya kupigwa na mtu. Ilikuwa kama gari la mizigo linalowasha injini nje ya dirisha. Kila pigo liliingia juu ya lililotangulia kabla halijaondoka. Ndani ya mvumo huo sauti za wanawake zilipita juujuu, nyembamba, na sauti ya Zamda ikaonekana kama mtu anayepunga mkono ng'ambo ya mto uliofurika. Chini yake hakukuwa na kitu. Kulikuwa na mvumo tu.

"Ngoma hiyo!" Bi Zamda alicheka, akipiga paja. "Ileile! Redio ya dukani imekua tu, imeota miguu."

Bi Hafsa hakugeuka. "Mwanangu," alisema polepole, "zima."

Twalibu alizima.

"Si hivi," alisema. "Asubuhi haikuwa hivi."

"Asubuhi ulikuwa hujaniweka mimi," Bi Hafsa alijibu. Alisema bila uchungu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Vedasto na Twalibu wakazishika spika. Kitini kidogo. Tena. Wakawasha kwa sauti ya chini: mvumo. Ukutani. Mvumo zaidi. Wakageuza nyuso. Mvumo uleule. Bi Zamda alikuwa ameacha kucheka sasa. Alimimina chai, akampa mwenzake kikombe, na Bi Hafsa akakishika bila kunywa. Kisha akakirudisha kwenye sinia, akavuta mkoba wake, kama mtu anayejiandaa kusimama.

"Shangazi, nipe dakika," Twalibu alisema.

Alifanya aliyozoea kufanya relini ishara ilipogoma. Hakukimbilia kutengeneza. Alisimama katikati ya kazi na kujiuliza: kipi ni kilekile, na kipi si kilekile? Amplifaya ni ileile. Nyaya ni zilezile. Aliomba wageni radhi, akaweka kwaya ya Vedasto. Nayo ikavuma, na kikohozi cha Justus hakikujulikana kilitoka wapi. Kwa hiyo tatizo halikuwa kanda. Aliposikia hivyo alipata nguvu. Akazirudisha spika kwenye mistari ya asubuhi, akavuta uzi: mafiga yalikuwa mafiga. Basi si mahali. Akasimama katikati, akapiga kofi moja.

Chumba kikamjibu.

Asubuhi alikuwa amepiga makofi hapo mara nyingi, na chumba hakikuwahi kumjibu. Alipiga tena, akafuata jibu kwa macho hadi kwenye kona. Kona ilikuwa tupu. Chokaa ya ukuta ilikuwa na sehemu iliyofifia, kuanzia sakafuni hadi juu ya kichwa chake, mahali ambapo kitu kilikuwa kimesimama kwa muda mrefu. Kona ya pili nayo ilikuwa hivyohivyo.

"Mama Issa," aliuliza taratibu, "mpunga uko wapi?"

Shamila aliganda mlangoni. "Baba Issa, jamani. Mbele za wageni?"

"Uko wapi?"

"Nimeupeleka stoo. Majirani wamenisaidia. Watu wanatoka mjini waje wakute magunia sebuleni, wataniweka kundi gani?"

Kila mwaka, mpunga ukishavunwa kwenye shamba lao la Ziba, magunia hukaa sebuleni hadi yauzwe au yakobolewe, na kila anapokuja mgeni wa heshima huondolewa. Ndivyo alivyofanya mama yake Shamila, na bibi yake. Twalibu mwenyewe alikuwa ameishi nayo hata hayaoni tena. Alipima ukuta, akapima kiti, akapima upana wa kidole cha seremala, na hakuwahi kuyahesabu magunia kama sehemu ya kazi. Kumbe mpunga ndio uliokuwa ukiumeza mvumo wa besi kwenye kona kabla haujarudi kuvuruga sauti nyingine.

"Si wewe," alimwambia mkewe. "Mimi sikukuambia, kwa sababu mimi mwenyewe sikujua. Hayo magunia ni mafundi. Tuyarudishe."

"Sasa hivi? Yapite mbele yao?"

Bi Zamda aliweka kikombe chini. "Mwanangu, unanionea aibu mimi? Mimi nalala juu ya karanga. Chini ya kitanda changu kuna karanga debe kwa debe, nikijigeuza zinaongea. Lete mpunga huo." Akasimama, akajifunga mtandio kiunoni. "Wewe Msukuma, shika huku."

"Mama, kaa tu, mimi—"

"Shika huku, nimesema."

Ukawa msafara. Kutoka stoo, kupitia uani, kuingia sebuleni, magunia yakirudi mabegani na vichwani, vumbi la pumba likielea juu ya sakafu iliyopigwa deki. Majirani waliosaidia kuyatoa waliitwa kuyarudisha, wakauliza kama nyumba hii ina akili timamu. Shamila alianza kwa kunung'unika, akamaliza kwa kuelekeza: hilo juu, hilo lilale, hapana, upande wa dirisha yalikuwa yamefika hapa. Ndiye aliyekumbuka mpangilio kuliko wote. Mwishoni alitaka kuyafunika na turubai la nailoni lililong'aa. Twalibu akaomba kanga badala yake, na Shamila akachagua zile nzuri, zile za sandukuni. Kona zikapendeza kama jukwaa.

Twalibu alipiga kofi. Chumba kilinyamaza.

"Shangazi," alisema.

Bi Hafsa alikuwa hajaondoka kitini muda wote huo. Aliinamisha kichwa kidogo. Ndiyo.

Ngoma ilianza, na safari hii ilikuwa ngoma yenye mpigaji. Kiganja kilisikika kikigusa ngozi, na pigo likaisha kabla ya jingine. Ikakaa nyuma, mahali pake, kama mpigaji aliyepewa kigoda. Kisha wanawake wakaingia, si kama kundi, bali mmoja mmoja kwenye nafasi yake, mtu angeweza kupita katikati yao. Upande wa mlango, mbele kidogo, akasimama Zamda, msichana, sauti yake kali na safi.

Na upande wa dirisha, chini, alikuwepo mwingine.

Twalibu alimjua kabla ya neno la kwanza kuisha. Alimjua kwenye mbavu. Hakuthubutu kumtazama shangazi, alitazama sakafu. Sauti ile ilikuwa nzito, tulivu, ikitembea chini ya Zamda mstari kwa mstari, kama mtu anayebeba ncha ya pili ya mzigo.

Likaja neno lenyewe. *Tuaaa*, Zamda alianza, upande wa mlango. Likapanda, likanyooka. Wote sebuleni walingoja kile walichokijua tangu utotoni, ile pumzi isiyo na mwisho. Na katikati ya neno, kwa uwazi ambao hakuna aliyeutarajia, upande wa mlango kukasikika mtu akivuta hewa. Ilikuwa fupi, ya haraka, ya msichana aliyeishiwa. Lakini neno halikukatika. Lilikuwa limehamia dirishani. Sauti nzito ilikuwa imepanda juu kulipokea, ikalishika peke yake, ikalivusha. Na Zamda alipokuwa tayari akalichukua tena, na ile nyingine ikashuka chini kimya kama haikufanya kitu.

Kwenye redio ndogo ya dukani, sauti mbili zilizotoka kwenye tundu moja zilikuwa pumzi moja. Hapa zilikuwa wanawake wawili, na kati yao kulikuwa na sebule nzima.

Wimbo ukaisha. Vedasto alikuwa amenyoosha kidole dirishani na kusahau kukishusha. Bi Hafsa alikuwa amenyamaza, kama alivyoahidi.

"Rudisha," Bi Zamda alisema. "Rudisha palepale."

Twalibu akarudisha. Ule mvuto wa hewa ukasikika tena, na neno likahama tena.

Bi Zamda alivua miwani yake. "Nilikwenda kuimba Nzega bila huyu," alisema, akiwaambia wote na hakumwambia yeyote. "Harusi kubwa. Nikafika kwenye 'tua', nikakatika. Watu wakasema nina mafua. Nikasema ndiyo, nina mafua. Nikasema hivyo kila mahali nilipokwenda bila yeye, mpaka nikaacha kwenda." Alimgeukia mwenzake. "Hafsa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nakusikia ukiishiwa," Bi Hafsa alisema. "Ningekuacha uanguke?"

"Na pale dukani nilipokucheka?"

"Pale dukani hata mimi sikujisikia. Nikadhani labda niliota."

Bi Zamda alivuka sebule. Hakupiga magoti wala hakulia; hakuwa mtu wa namna hiyo. Alisimama mbele ya kile kiti, akaweka mkono mdomoni, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichopaa hadi darini, na Shamila akakipokea mlangoni, na majirani waliokuwa wakinawa mikono uani wakakipokea bila kujua ni cha nini. Kilipokaribia kufa Bi Zamda alinyoosha kidole kumwelekea Bi Hafsa, kama kiongozi anayempa mwenzake zamu, na Bi Hafsa, ambaye huingia harusini kwa mlango wa uani, akafungua mdomo na kukipokea. Kilikuwa cha chini, kizito, chenye mikwaruzo ya uzee. Kikasimama katikati ya chumba bila kutetereka.

"Mjini wataambiwa leo," Bi Zamda alisema aliporudi kuketi, akipepea uso. "Na nitawaambia mimi. Wakisema pumzi ya Zamda waseme na ya Hafsa. Atakayesahau nitamkumbusha kwa kiatu."

"Mwanangu," Bi Hafsa alimwambia Twalibu. "Hizo nyingine mbili, huko nilifanya nini?"

"Sijui, shangazi. Hukuniruhusu kusikiliza."

"Vizuri." Alisimama, akanyoosha kanga yake, uso ukiwa na mwanga ambao Twalibu hakuwahi kuuona hata utotoni. Nje jua lilikuwa limeshuka kwenye mashamba na mwadhini alikuwa karibu kuadhini. "Basi kesho. Kesho nataka na wale wengine wa Tupendane walio hai, wote, hata yule wa Ipuli asiyetembea, mtambeba. Kila mtu atakaa kwenye kiti hiki kwa zamu ajitafute. Nami nitakaa wa kwanza."

"Na mimi?" Bi Zamda aliuliza.

"Wewe utasimama mlangoni kuitikia hodi."

Waliondoka wakicheka, bajaji ikirudi mjini, na sauti zao zikasikika mpaka kwenye kona ya barabara. Vedasto alirudi sebuleni, akachuchumaa kwenye spika ya upande wa mlango.

"Umesikia? Mama Zamda yuko mbele mno. Hii inatakiwa igeuke kidogo itazame ukutani."

Twalibu alikuwa amesikia. Alichukua chaki, akaanza kuchora mstari mpya kandokando ya kitako cha spika, akafika nusu. Shamila alikuwa akifagia pumba chini ya makochi na kuvuta wimbo puani, akibahatisha ule wa upande wa dirisha. Twalibu aliweka chaki juu ya kiti, akaacha uzi umening'inia, akaenda kutawadha.